Mashine Huchanja, Upepo Hukausha

Ndugu msomaji, ukibahatika kulala usiku mmoja Ngamiani, mjini Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba badala ya majina, huna haja ya saa ya kukuamsha. Kwanza itakuamsha adhana. Kisha jogoo. Na kabla hujajinyoosha vizuri kitandani, itafuata sauti ya tatu, ambayo sisi tuliozaliwa huko tumeizoea hata hatuisikii tena: shoka likiangukia gogo. Ta! Halafu kimya kidogo, mchanjaji avute pumzi. Ta! Halafu kuni mbili zianguke, moja kulia na moja kushoto.

Sauti hiyo ndiyo iliyonilea. Shangazi yangu, aliyenipokea nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, amepika vitumbua, mihogo na maharage ya nazi kwa ajili ya biashara zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo amepikia kuni. Mkaa huutumia mvua inapozidi. Gesi anayo, mtungi mdogo aliopewa zawadi na mwanawe, naye huitumia kwa chai ya nyumbani. Lakini chungu cha maharage ya wateja sitini, asema, kinataka moto wenye kifua.

Makala haya yanahusu kuni hizo, na hasa kazi ya kuzichanja, ambayo wengi wetu hatuifikirii mpaka mgongo wa mtu uume. Yanahusu pia mashine iliyoingia uani kwa shangazi mwaka mmoja baada ya masika, ikashangiliwa asubuhi, ikalaaniwa mchana, na jioni ikatufundisha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

MWEMBE ULIOANGUKA

Mvua za masika mwaka ule zilikuwa kubwa. Shambani kwetu Pongwe, nje kidogo ya mji katika njia ya Muheza, mwembe mkongwe uling'oka na mizizi yake. Wazee wakaomba kibali, fundi wa msumeno wa injini akaukata magogo ya futi moja na nusu, na lori likayamwaga uani kwa shangazi. Kwa mpishi wa biashara, hiyo ni neema. Lakini gogo si kuni. Gogo lenye unene wa pipa halingii chini ya chungu, na hata lingeingia lisingewaka.

Akaitwa mzee ambaye amechanjia kuni mtaa mzima tangu nikiwa mdogo. Ni mtu aliyepita miaka sitini, mwembamba, mwenye mikono mikavu kama mizizi. Hana haraka. Kabla ya kuinua shoka hulizunguka gogo, hulitazama kichwani ambapo msumeno umepita, hutafuta nyufa na mafundo. Alipolimaliza la kwanza, alitikisa kichwa.

"Mwembe huu nyuzi zake zimesokotana," akasema. "Huu si mvinje, bibie. Nipe siku tano."

Siku ya pili mgongo ulimkamata. Alikaa juu ya gogo, shoka mapajani, jasho likimtoka, na hakuweza kunyanyuka mpaka tulipomshika mkono. Shangazi akampa chai na ujira wake, akamwambia akapumzike. Lakini yale magogo yalikuwa yamebaki pale pale, na biashara haingojei mgongo upone.

Ndipo binamu yangu, fundi wa magari, alipokuja na habari ya mashine ya kuchanjia kuni. Alikuwa amemwona mtu mmoja anayo, akaikodi kwa siku moja.

NGUVU YA TEMBO KATIKA BOMBA

Yafaa, ndugu msomaji, kwanza tuielewe mashine yenyewe, maana kitu usichokielewa aidha utakiogopa bure au utakizoea kwa hatari.

Mashine ya kuchanjia kuni haina shoka linalopigwa. Ina kabari, yaani kipande kinene cha chuma chenye ncha kali, na ina boriti ya chuma ambayo gogo hulazwa juu yake. Nyuma ya gogo kuna bamba linalosukumwa polepole na bomba lenye mafuta. Gogo hukandamizwa kati ya bamba na kabari mpaka nyuzi zake ziachane. Haipigi, husukuma. Kwa hiyo haina kishindo. Utasikia injini ikinguruma, kisha mti ukilia kama mlango mkuukuu, halafu ukikubali.

Siri ya nguvu hiyo ni ile ile ya jeki ya kuinulia gari. Mafuta hayabanwi yakapungua. Ukiyasukuma katika bomba jembamba, yatasukuma kwa nguvu kubwa zaidi katika bomba pana. Kanuni hii ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hakimiliki ya shinikizo linaloitumia. Mashine ndogo za umeme zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani husukuma kwa nguvu ya tani 4 hadi 7, na zile kubwa za petroli hufika tani 20 na zaidi. Tani 5 ni uzito wa tembo dume. Hebu fikiri tembo amesimama juu ya ncha ya kabari, na chini yake pana ukuni.

Mashine hizi si za majumbani peke yake. Viwanda vya chai katika milima yetu ya Usambara hukausha majani kwa moto wa kuni, na katika kazi za namna hiyo, penye matanuri yanayokula kuni usiku na mchana, wenye viwanda wamekwisha kujua kwamba gogo lililochanjwa hukauka na kuungua vizuri kuliko gogo zima. Ajabu ni kwamba jambo linalojulikana na mwenye tanuri kubwa halijamfikia mama mwenye mafiga matatu.

KIDOLE CHA KIJANA

Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Watoto walipanda ukutani. Gogo la kwanza lilipopasuka kwa sekunde chache, wanawake walipiga vigelegele kana kwamba bibi arusi ametoka nje. Yule mzee mchanjaji naye alikuja, mkono kiunoni, akasimama pembeni bila kusema neno.

Mashine ile ilikuwa na wenzo mbili. Kwa desturi ya watengenezaji, bamba halisogei mpaka wenzo zote mbili zishikwe, mmoja kwa kila mkono. Sababu yake ni nyepesi hata mtoto aielewe: mikono miwili ikiwa kwenye wenzo, haiwezi kuwa kwenye kabari. Lakini aliyeitumia mashine kabla yetu alikuwa ameufunga wenzo mmoja kwa mpira wa baiskeli, ili kazi iende upesi. Binamu yangu akauacha vile vile. Yeye akashika wenzo uliobaki, na kijana mmoja wa jirani akawa anaweka magogo.

Kwa nusu saa kazi ilikwenda kama maji. Kisha gogo moja lilikaa upande. Kijana akapeleka mkono kulinyoosha. Binamu yangu, macho yake yakiwa kwa watoto waliokuwa wakisogea, akavuta wenzo.

Kijana alikuwa amevaa glavu nene, na mzee alipiga ukelele mapema. Kwa hayo mawili tunamshukuru Mungu. Kidole kilisalimika, lakini ukucha ulikwenda na nyama ya ncha ilishonwa hospitalini. Uani pakawa kimya. Petroli ilikuwa bado inanuka, na damu ilikuwa juu ya ukuni mweupe.

Yule mzee ndiye aliyesogea. Alichukua kisu, akaukata ule mpira, akautupa. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Shoka langu lina adabu. Anayeshika ukuni ndiye anayepiga. Kama nitajikata, nimejikata mwenyewe. Lakini hii mmeifanya mkono wa mtu uwe katika hiari ya mtu mwingine."

Ndugu msomaji, nimekwisha kusoma vitabu vya maelekezo vya mashine za namna hii, na sijaona ndani yake sheria iliyosemwa vizuri kuliko hivyo. Mtu mmoja, mashine moja. Anayeweka gogo ndiye anayevuta wenzo, na hakuna mwingine anayegusa. Ukiona mashine ambayo kinga yake imefungwa, kukatwa au kung'olewa, hata kama ni ya kukodi na umekwisha kulipa, usiiwashe mpaka irudishwe kama ilivyotoka kiwandani.

Tuyataje na mengine, maana baadhi yake tuliyajua kwa kuponea chupuchupu.

Gogo liwekwe kwa urefu, nyuzi zake zikielekea kabari. Kamwe lisikandamizwe kwa upana, kwani linaweza kuruka kama risasi. Ncha zake ziwe zimekatwa wima, zisiteleze. Lenye fundo kubwa lianzwe upande usio na fundo. Likikwama, rudisha bamba nyuma, zima injini, ndipo ulitoe na kuligeuza; usilipige teke wala usiingize mkono.

Injini ya petroli iwashwe nje, mahali pa wazi, si ndani ya banda, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua kimya kimya. Mashine ya umeme nayo isitumiwe penye maji au mvua, na waya wake uwe mnene wa kutosha na usiwe na kiraka. Vaa viatu vya kufunika, si kandambili. Vaa miwani ya kukinga macho. Kanga ikunjwe na ifungwe vizuri, mikono mirefu ya shati ibanwe. Watoto wakae mbali, na awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuwaangalia.

Na bomba la mafuta likivuja, usitafute tundu kwa kidole. Mafuta yanayotoka katika tundu dogo kwa shinikizo kubwa hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake, ingawa huonekana dogo, huhitaji daktari siku hiyo hiyo. Zima mashine, shinikizo lishuke, ndipo itazamwe na fundi.

Kuna aina nyingine, yenye chuma cha mduara chenye ncha na hesi kama skrubu kubwa, kinachozunguka na kujikokotea ndani ya gogo. Ni rahisi kutengenezwa katika karakana zetu, na kwa sababu hiyo huenda ukaikuta. Hiyo haisimami mara mtu aachapo wenzo. Ikikamata upindo wa kanga au ncha ya glavu, huvuta na mkono pamoja. Kwa matumizi ya nyumbani, penye watu wanaopitapita, ushauri wangu ni mmoja: iache.

MOSHI WA JIONI

Kazi iliendelea mchana, polepole, kwa mtu mmoja. Na huyo mtu, baada ya shangazi kumbembeleza, alikuwa yule mzee. Kuvuta wenzo hakukuhitaji mgongo. Kulihitaji macho ya kulisoma gogo, na macho hayo alikuwa nayo kuliko sisi sote. Aliligeuza kila moja mpaka ufa wake wa asili ukaikabili kabari. Kufikia saa kumi na moja, kazi ya siku tano ilikuwa imekwisha.

Shangazi, kwa furaha, akachukua kuni mpya zilizopasuliwa, akazisukuma chini ya chungu.

Moshi uliotoka hapo, ndugu msomaji, ungeweza kufukuza nyuki wa wilaya nzima. Kuni zililia, zikatoa povu mwishoni, zikazimika. Akazipuliza mpaka macho yakawa mekundu. Maharage hayakuiva mpaka saa tatu ya usiku, na wateja walikuwa wamekwisha kwenda kwingine.

"Mashine yenu," akasema akijifuta kwa upindo wa kanga, "imechanja. Lakini haikunipa kuni."

Ilikuwa kweli tupu. Mti ulioanguka juzi bado ni mtungi wa maji. Katika miti mingi, karibu nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji. Unapouweka motoni, moto hauanzi kupika. Huanza kwanza kuyachemsha maji hayo mpaka yatoke yote kama mvuke. Kilo moja ya ukuni mbichi wa namna hiyo hutoa joto linalokaribia nusu tu ya lile la kilo moja ya ukuni mkavu, ambao maji yake yamepungua hadi sehemu moja katika tano. Kwa maneno ya sokoni: anayenunua kuni mbichi hulipa bei ya kuni na kubebeshwa maji.

Na lile joto dogo likitoka, moto huwa hafifu, nao moto hafifu hauunguzi hewa zote zinazotoka katika mti. Zisizoungua ndizo moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Hao ni watoto waliobebwa mgongoni mama akipuliza moto. Kwa hiyo tunapozungumzia ukuni mkavu hatuzungumzii uchumi wa chungu peke yake. Tunazungumzia vifua vya watu.

KAZI YA UPEPO

Basi mashine ina faida gani? Faida yake ya kwanza ni kuulinda mgongo. Faida ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kuufungulia upepo mlango.

Gamba la mti limeumbwa kuzuia maji yasitoke. Gogo zima lenye gamba lake ni kama mtungi uliofunikwa. Utaliacha juani mwaka mzima, nje litapasuka na ndani litabaki bichi. Chukua gogo lenye kipenyo cha sentimita 30. Mzunguko wake ni kama sentimita 94, na wote umefunikwa kwa gamba. Lichanje vipande vinne. Nyuso mpya ulizozifungua, ukizipima upana na kuzijumlisha, ni sentimita 120, wala hakuna hata moja yenye gamba. Umefungua nafasi kubwa kuliko ile yote iliyokuwa nje mwanzoni. Hapo ndipo maji hutokea.

Kinachobaki ni subira na mpango. Hapa Tanga tuna hewa yenye unyevu wa bahari na mvua za misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mpishi mwenye akili huchanja kuni zake masika yanapokwisha, ili upepo wa kusi uzikaushe kwa miezi mitatu au zaidi kabla ya vuli. Kisha huchanja tena kwa ajili ya kiangazi cha kaskazi. Anayechanja leo kwa ajili ya chungu cha leo daima atapika kwa moshi.

Kuni zipangwe juu ya mawe au mbao, zisiguse ardhi, kwani chini kuna unyevu na kuna mchwa. Juu paezuliwe kwa bati au makuti. Lakini pande ziachwe wazi. Wengi hukosea hapa: hufunika rundo zima kwa turubai mpaka chini, wakidhani wanazilinda, kumbe wanazitia katika chungu na kuzipika kwa mvuke wao wenyewe. Zipangwe kwa kupishana, upepo upite katikati.

Utajuaje kwamba zimekauka? Mzee wetu hugonga mbili kwa pamoja na kusikiliza. Mbichi husema *du*. Kavu husema *ka*, kama vifuu viwili. Ncha zake huwa na nyufa na gamba huanza kuachia lenyewe. Mwenye mizani afanye zaidi: aweke alama kwenye ukuni mmoja, aupime kila wiki. Siku uzito utakapoacha kupungua, ukuni umekauka kiasi hewa ya mahali hapo inavyoruhusu.

Nao ukubwa ni muhimu. Kwa mafiga ya nyumbani ukuni uwe na unene wa kifundo cha mkono. Mnene kuliko huo huwaka kwa uvivu na moshi. Mwembamba sana huteketea kabla sufuria haijapata moto.

SI KILA MTI, SI KILA KUNI

Mashine yenye nguvu humtia mtu tamaa ya kutaka kupasua kila kitu. Tahadhari. Mvinje huchanjika vizuri ukiwa mbichi, na moto wake ni mkali. Ukikauka mzima huwa mgumu kama chuma. Mkaratusi nao ni vivyo hivyo, uchanjwe mapema. Mkwaju una nyuzi zilizoshikana na utaitesa mashine ndogo. Mnazi hauchanjiki kama miti mingine, kwa sababu ndani yake ni nyuzi nyuzi zinazoviringika kwenye kabari. Kwa mnazi tumshukuru Mungu aliyetupa makumbi na vifuu, ambavyo havihitaji shoka wala mashine.

Nguzo kuukuu za umeme na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisichomwe jikoni hata kidogo, kwani baadhi ya dawa hizo zina sumu inayobaki katika moshi na majivu. Rangi nayo ni hivyo hivyo.

Na mikoko iachwe baharini. Miti hiyo ni hifadhi, huvunwa kwa kibali tu, na chini ya mizizi yake ndipo kamba na samaki wengi wanapokulia. Mvuvi wa Tanga anayekata mkoko ili achemshie dagaa hujichomea nyumba ya samaki wake wa kesho.

Vile vile tukumbuke milimani. Maji tunayokunywa Tanga mjini hutoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Usambara ya Mashariki, karibu na Amani, na kukusanywa katika bwawa la Mabayani. Sehemu ya misitu hiyo ilitengwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Sehemu nyingine zilikwisha kukatwa sana kwa ajili ya mbao katika miaka ya 1970 na 1980. Chungu kinataka kuni na kinataka maji pia. Haifai kimoja kikatwe ili kingine kipikwe. Kuna miti iliyoanguka yenyewe, kuna mikorosho na miembe iliyozeeka, kuna mabanzi ya viwanda vya mbao. Hivyo ndivyo vinavyofaa kwa kabari yetu.

KINGA NA KINGA

Je, kila nyumba inunue mashine? Nasema hapana. Familia ya watu sita haina kuni za kutosha kuilisha mashine hata siku moja kwa mwezi. Siku nyingine zote itakaa pembeni ikila kutu. Kwao shoka zuri, kabari ya chuma na nyundo nzito vinatosha, na wale wasio na nguvu wamlipe mchanjaji.

Lakini wapishi wa biashara, wachoma mikate na wachemsha dagaa wakiungana, hesabu hubadilika. Shangazi na wenzake tisa, ambao walikuwa tayari na kikundi cha kuweka na kukopa, walikaa kwenye mkeka wakapiga hesabu. Hawakununua. Waliamua kukodi mara mbili kwa mwaka, kusi inapoanza na vuli inapokwisha, na magogo ya wote kuchanjwa kwa zamu katika siku mbili. Sharti la kwanza waliloandika kwenye daftari ni kwamba mashine ikaguliwe wenzo zake kabla ya kuwashwa. Sharti la pili ni kwamba mwendeshaji ni mmoja, naye analipwa.

Mwendeshaji huyo ni yule mzee. Nilimuuliza kama hakuchukia chuma kilichochukua kazi ya shoka lake. Akacheka.

"Mwanangu, chuma hakikuchukua kazi. Kilichukua maumivu. Kazi ni kuujua mti."

Sitaki kuyafanya maneno yake yawe mapana kuliko ilivyo. Siku mbili mara mbili kwa mwaka si ujira wa mwaka mzima. Bado alfajiri huenda nyumba hii na ile na shoka lake, ingawa sasa hukataa magogo makubwa. Na wachanjaji wengine wa mjini hawakupata bahati ya kuitwa. Mwenye kuleta mashine mtaani yampasa ajiulize, kabla ya kuiwasha, ni mkono wa nani inaupumzisha na ni mkono wa nani inaunyang'anya tonge.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya jana, kwa kuwa Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanaitumia, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Lengo hilo ni jema nami naliunga mkono kwa moyo wote. Mtungi wa shangazi na uongezwe. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna maelfu ya vyungu, na chini ya kila chungu kuna moto, na mbele ya kila moto kuna mtu anayevuta hewa. Huyo hawezi kungojea mpaka siku hiyo ili afute machozi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita Ngamiani upepo wa kusi unapovuma, uchungulie ua mmoja. Utaona ukuta wa kuni uliopangwa chini ya bati, pande zake wazi, upepo ukipita katikati kwa mluzi mwembamba. Kijana aliyeshonwa kidole ndiye aliyeupanga. Utaona pia moto ambao hauhitaji kupulizwa. Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Shangazi huongeza neno lake moja anapokuchotea maharage: ndiyo, mwanangu, lakini zote mbili ziwe kavu.